Siku Donatille Alipotembezwa Matofali

Donatille aliogopa kitu kimoja tu hapa duniani, nacho kilikuwa mikono ya mwanawe Bonheur.

Baridi ya Minneapolis alishaizoea. Kazi ya kulisha na kuogesha wazee kule Apple Valley aliipenda, akiifanya kama ibada. Lakini mikono ile, jamani! Ilikuwa mikubwa kama ya marehemu baba yake, ila ya baba yake ilijifunza kufinyanga udongo, na hii ilijifunza kupiga. Shuleni ilivunja pua ya mtu. Alipoajiriwa kwenye ghala, mwenzake mmoja akamtania habari za kukosa baba, wakakutana kwenye maegesho ya magari, na yule mwenzake akaondoka na taya lililovunjika. Hakimu alisema: kijana, safari hii nimekuonea huruma, ukirudia utafungwa miaka. Donatille alikuwa amekaa kiti cha nyuma pale mahakamani, mkoba magotini, midomo ikicheza kwa sala.

Alijua ugonjwa wa mwanawe ulikoanzia. Bonheur alizaliwa baba yake akiwa ameshauawa, na tangu ajue kuongea alikuwa na swali moja.

"Mama, nani alimuua baba?"

"Vita, mwana wangu."

"Vita haina mikono."

"Basi ni watu wa vita."

"Watu wa vita wana majina."

"Majina yao mimi sikuyajua."

Hapo hakudanganya. Jina hakulijua. Alichokijua ni sikio.

Sasa, ili mtu aelewe habari ya sikio, lazima kwanza aujue mtaa wa Matofali. Ulikuwa mtaa wa zamani pale Uvira, uliojengwa na mafundi walioletwa wakati wa Wabelgiji kujenga ofisi za wazungu. Walipomaliza za wazungu, wakajijengea zao: nyumba fupifupi zilizoshikana mabega, baraza zenye matao, milango ya buluu. Familia kadhaa zilichoma matofali yao katika tanuru moja, kwa hiyo kila familia ilikuwa na alama yake, inayobonyezwa kwenye udongo mbichi, ili siku ya kupakua mtu ajue lake na la jirani. Kina Pascasie, ambaye leo ni jirani yake Minneapolis, alama yao ilikuwa unyayo wa kuku. Ukoo wa Thaddée, mume wa Donatille, walibonyeza dole gumba mara mbili sambamba, kama macho ya bundi. Bibi harusi akiingia Matofali, siku ya kwanza anazungushwa mtaani kuonyeshwa alama za watu, kama vile kutambulishwa kwa mashemeji.

Vita ilipofika mwaka wa tisini na sita, Donatille alikuwa na mimba. Siku hiyo alikuwa ndani ya tanuru, limepoa, anatoa majivu. Akasikia risasi upande wa soko, halafu mayowe, halafu ule mlio wa mabati yanayopasuka kwa moto. Thaddée akaja mbio.

"Kaa humo humo. Usitoke hata ukinisikia naita jina lako."

Akapanga matofali haraka haraka kuziba mlango wa tanuru. Tundu la kuni hakuliziba, hakukuwa na nafasi. Ni kwa tundu hilo Donatille aliona.

Waliingia uani wenye bunduki wawili, na kijana mmoja mwenye panga, mwembamba, ndevu bado hazijaota. Thaddée alikuwa na tofali mkononi. Alilirusha kwa nguvu zake zote, likamkata yule kijana sikioni, sikio likaning'inia nusu. Kijana akajishika, akatazama damu kiganjani kwake kama mtoto anayeiona kwa mara ya kwanza. Wale wawili wakamcheka. Laiti wasingemcheka! Maana kicheko kile ndicho kilichoinua panga.

Macho hayana pazia. Donatille aliona pigo la shingoni na la mkononi, akaona vidole vya mumewe vikianguka kwenye vumbi la tofali. Akaona kijana akipiga na kulia, akipiga na kulia, hata pale ambapo hapakuwa tena na mtu wa kupigwa. Na Thaddée, tangu mwanzo mpaka mwisho, hakutupa jicho hata mara moja upande wa tanuru. Donatille aliuma kilemba chake asipige kelele. Wakamburuta marehemu kwa miguu, wakapita naye nyuma ya nyumba, wakamtoka machoni.

Halafu nyumba ikawashwa. Moto ulilizunguka tanuru kwa nje, matofali yakaanza kupata joto kana kwamba ni siku ya kuchoma. Aliyasukuma kwa viganja, ngozi ikabaki kwenye tofali. Alipotoka, mtaa mzima ulikuwa moshi na mbwa. Hakumkuta Thaddée. Alifuata damu hadi kona ya nyumba, na hapo paa lilikuwa limeanguka na kuungua juu ya kila kitu. Wenye bunduki wakaonekana tena, akakimbia.

Bonheur alizaliwa kambini Nyarugusu, Tanzania, na ndiko alikokulia hadi walipoletwa Minnesota. Miaka yote hiyo matanga ya Thaddée hayakuondolewa. Kwa watu wao, matanga hayaondolewi bila kaburi, na mjane ambaye matanga yake yako wazi ni kama mtu aliyesimama mlangoni, haingii wala hatoki. Donatille hakuolewa tena. Harusi za wenzake alipika, akaosha masufuria, na ngoma ikianza akachukua koti lake. Alichomwomba Mungu kilikuwa kidogo: nionyeshe alipolazwa, basi.

Ndipo Elisée, mtoto wa mdogo wake aliyebaki Uvira, alipopiga simu na habari njema. Mtaa wa Matofali umejengwa upya! Magofu yalikaa miaka mbuzi wakilala humo, kisha wakaja watu wa mradi wa kufufua majengo ya kale, na ramani za zamani. Wameyaokota matofali yale yale kwenye vifusi, wameyasafisha, wamejenga kama ilivyokuwa, tao kwa tao. Sasa hata wageni wanakuja kupiga picha, na Elisée ndiye anayewatembeza.

"Na wewe nitakutembeza, mama mkubwa. Kwa simu. Utatembea mpaka uchoke miguu umekaa."

Ikapangwa Jumamosi asubuhi, kwa kuwa asubuhi ya Minneapolis ni jioni ya Uvira. Ilikuwa Januari ya 2017, theluji imefika kwenye madirisha ya chini pale Phillips, mtaa aliokaa Donatille. Pascasie, jirani wa ghorofa moja, mtoto wa Matofali aliyeolewa na kuhama kabla ya vita, alikuja mapema na chupa ya chai na sahani ya mandazi. Bonheur aliendesha kutoka kwake Champlin, akakung'uta viatu mlangoni, akaunganisha simu na televisheni.

"Mama Pascasie, umevaa kitenge cha sikukuu? Unaenda wapi?"

"Naenda kwetu! Unafikiri nitaingia Matofali na nguo ya kulalia? Watu watasema Amerika imenishinda."

"Watamwona mama tu, wewe ndiye unawaona."

"Mungu ananiona. Nipishe nikae."

Bonheur akacheka, na akicheka alikuwa mtoto mzuri kabisa. Kisha akamgeukia mama yake, na kicheko kikakauka. "Mama, ukipatambua alipolazwa baba, mimi naenda kumchukua. Nikipata na mwenye kufanya, namalizana naye hapo hapo."

"Kisasi ni cha Bwana, mwana wangu."

"Bwana amechelewa."

"Shika adabu!" Pascasie akamchapa goti.

Picha ikafunguka, ikatetemeka, ikatulia. Elisée alikuwa amesimama chini ya tao la kuingilia mtaani. "Mama mkubwa, jambo! Unaona vizuri? Rezo ya simu iko inakatika kidogo, mvumilie."

Wakaingia. Na kweli, jamani, ilikuwa Matofali. Baraza zile zile, milango ya buluu ile ile, ila kila kitu kilikuwa safi mno, kama maiti aliyeoshwa. Pascasie alikuwa haishi kuelekeza kidole. Pale kwa Mama Furaha palikuwa na zizi la nguruwe, leo kuna meza za watu kunywa kahawa! Na kona ile, ndipo fundi seremala alipomfumania mkewe, si mnajua? Hamjui, mlikuwa hamjazaliwa.

"Elisée, baba," Donatille akasema. "Sogeza simu ukutani."

Elisée akasogeza. Alama zilionekana wazi, lakini zimevurugika. Unyayo wa kuku wa kina Pascasie ulikuwa juu ya msalaba wa jirani wa tatu, na chini yake alama ya watu wa mwisho wa mtaa, walioteketea wote, bibi na wajukuu. Matofali mengine yalikuwa meusi upande mmoja, bado na moshi. Mafundi wa mradi hawakujua kusoma alama hizo, walichukua tofali lolote lililo zima. Ukuta mmoja ulibeba majirani kumi, wengi wao marehemu, wamelala vichwa na miguu kama walivyolala siku ile njiani. Pascasie naye akanyamaza.

"Tupeleke kwetu," Donatille akasema.

Palikuwa na tanuru. Lilikuwa limefagiliwa, limezungushiwa uzio mfupi, na benchi mbele yake kwa ajili ya wageni. Donatille aliuona mlango wake na lile tundu la kuni, akahisi viganja vyake vinaungua. Ilipokuwa nyumba yake sasa kulikuwa na butike ya sukari, sabuni na soda, na vijana wamekaa kwenye baraza wakicheza karata. Akaanza kupima kwa macho: kona ya nyumba ile pale, damu ilielekea huku, kwa hiyo nyuma ya butike, labda, labda.

Mwenye butike akatoka. Mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, amevaa kofia ya sufu iliyovutwa mpaka shingoni, na joto lote lile la Uvira.

"Huyu ni baba Zadock," Elisée akasema, "mtu mzuri sana, wageni wangu anawapa viti. Baba Zadock, huyu ni mama yangu mkubwa, yuko Amerika. Zamani alikaa hapa hapa."

Sasa mwanaume aliyelelewa vizuri, kwa watu wale, hamsalimu mama mzima na kofia kichwani. Hata awe na haraka, hata awe mgonjwa, anavua. Yule mtu alisita. Vijana wa karata walikuwa wanamtazama. Akavua kofia yake, akainama kidogo mbele ya simu, akasema, "Jambo mama. Karibu nyumbani."

Sikio la kushoto lilikuwa nusu.

Kikombe cha Donatille kikagonga sahani. Pascasie akamgeukia. "Umeona nini?"

"Chai imeniunguza."

Mbele yake kulikuwa na kichwa kile kile, kimenenepa kidogo, kimeota mvi, kinamkaribisha nyumbani kwake. Na wakati yeye anakikodolea macho, Bonheur alikuwa amesimama, amekaribia televisheni, kidole chake kinagusa kioo karibu na mlango wa butike.

"Macho ya bundi! Mama, ile si alama ya baba? Elisée, sogea. Sogea hapo!"

Ilikuwa ndiyo. Madole gumba mawili, yamebonyezwa na mkono uliokwisha kuoza. Chini yake jingine, na jingine.

"Wewe mzee!" Bonheur alipaza sauti, na simu ya Elisée iliitoa sauti hiyo baraza nzima. "Ulijengaje na matofali ya baba yangu? Umekaa kwenye parseli, kwenye kiwanja cha baba yangu! Ni wewe ulimuua!"

"Bonheur, ngoja," Elisée akasema, "matofali ni ya..."

"Mwangalie, hata hasemi! Jamani mnaosikia hapo, mtu huyu ni muuaji! Alimuua baba yangu akachukua nyumba!"

Na kweli yule mtu hakusema. Hapo ndipo palipomponza. Mtu mwingine angeruka, angetukana, angeapa kwa mama yake mzazi. Yeye alifungua mdomo, akaufunga, akarudi nyuma hatua moja, kofia mkononi. Karata zikadondoka. Vijana wa Matofali mpya wengi wao walikuwa watoto wa waliokufa kwenye Matofali ya zamani, nao walilelewa na swali lile lile alilolelewa nalo Bonheur, na leo sauti kutoka Amerika imewaletea jibu.

Kofi la kwanza lilipigwa na yule aliyekuwa karibu. La pili sijui nani. Halafu wakawa wengi, na Zadock akawa chini.

"Mpigeni!" Bonheur alikuwa akipiga kelele sebuleni Phillips, mishipa ya shingo imemtoka. "Mpigeni huyo mbwa!"

"Yesu! Yesu!" Pascasie alisema.

Simu ilianguka. Ikaonyesha mbingu ya Uvira, tao la baraza, kisha miguu, miguu mingi, na mlio wa kitu kizito kinachopiga nyama. Tofali. Donatille aliujua mlio ule. Na niseme ukweli wake wote: moyo wake ulifurahi. Yeye anayewalisha wazee uji kwa kijiko, anayewafuta midomo, aliusikia mlio ule na moyo ukanywa, kama mtu mwenye kiu ya miaka. Mpigeni, moyo ulisema. Mpigeni shingoni. Mpigeni mkononi.

Sauti ya mwanamke kule ikaita, "Leteni petroli! Petroli iko kwa wapikipiki!"

Elisée akaiokota simu, anahema, shati limechanika. "Mama mkubwa! Nimewaomba wasimame, wamesimama kidogo. Wanasema wewe useme. Wewe ndiye mwenye maiti. Ukisema ndiye, wanamchoma. Ukisema siye, wanamwachia. Sema haraka, mama, petroli inakuja!"

Bonheur alipiga magoti mbele ya mama yake, akamshika mikono yote miwili. Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Sema, mama. Sema tu neno. Nimekuomba nini kingine mimi maisha yangu yote?"

"Nionyeshe uso wake," Donatille akamwambia Elisée.

Wakamwinua. Jicho moja limefungika, mdomo umepasuka, na lile nusu sikio linavuja damu mpaka kwenye kola. Alitazama simu kama ng'ombe anavyomtazama mchinjaji, hana ombi.

Swali lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Donatille. Mlimweka wapi? Maneno mawili tu. Mtu pekee duniani anayejua jibu alikuwa mbele yake, na dakika chache baadaye pengine asingekuwepo. Lakini kuuliza ni kusema ndiye. Na akijibu, amejihukumu mwenyewe. Petroli itamwagwa jibu likiwa bado mdomoni.

Akatazama mikono iliyomshika. Akaona waziwazi kwamba kiberiti kitakachowashwa kule kitawashwa na mikono hii, kwamba mwanawe ataua mtu bila kunyanyuka kwenye zulia, na akishajua jinsi ilivyo rahisi, hakuna hakimu wala maombi yatakayomrudisha. Yule kijana wa panga naye alikuwa na mama mahali fulani. Alilia akipiga. Leo ana mvi, bado anaficha sikio.

"Elisée," akasema, "matofali ya Thaddée yako kwenye nyumba hiyo tu?"

"Hapana, mama! Yako hata kwenye ukuta wa kanisa. Mradi ulichanganya yote."

"Mmesikia? Tofali halisemi nani aliua."

"Sikuuliza habari ya tofali!" Bonheur akabweka. "Nauliza huyu mtu. Ndiye au siye?"

Donatille alisogeza uso wake karibu na simu, ili wote wa kule wamwone vizuri, na huyo mmoja zaidi ya wote.

"Mimi ni Donatille, mke wa Thaddée," akasema kwa sauti ya kanisani. "Siku ile nilikuwa ndani ya tanuru hilo lililoko nyuma yenu. Niliwaona waliomuua mume wangu, niliwaona kwa macho yangu haya, kwa tundu la kuni. Niliona panga, niliona nani aliumia na wapi. Wewe baba unayevuja damu, nitazame. Naapa mbele ya Mungu na mbele ya watu hawa: si wewe."

Zadock alimtazama. Jicho lile moja lililobaki wazi lilifunguka zaidi, na wale waliomshika ikabidi wamshike kweli asianguke. Wengine walidhani ni shukrani.

"Mwachieni," Donatille akasema. "Mfungeni sikio."

Na wakamwachia, kwa kuwa mwenye maiti amesema. Mwanamke wa petroli alimwaga maneno, lakini petroli hakumwaga. Simu ikakatika.

Bonheur alisimama polepole. "Uliona," akasema. "Ulikuwa hapo. Miaka yote unaniambia vita, vita, na wewe uliona!"

"Niliona."

Mkono wa Bonheur ukaruka. Pascasie alipiga ukelele akajirusha mbele ya rafiki yake, lakini ngumi haikwenda kwa Donatille, ilikwenda ukutani, ikazama mpaka kifundo katika kuta hizi za Amerika zisizo na tofali. Akatoa mkono umejaa vumbi jeupe na damu, akapiga tena, akapiga tena, meza ikapinduka, chupa ya chai ikavunjika. Kisha akachukua ufunguo wa gari na kuondoka, mlango ukabaki wazi, baridi inaingia.

"Umemwokoa mtu wa watu," Pascasie akasema baadaye, anaokota vigae. "Mungu atakulipa kwa kusema ukweli."

Juma zima Donatille alikwenda kazini, akaogesha wazee wake, akarudi, akapiga magoti. Hakuwahi kumwapia Mungu uongo katika maisha yake. Alisema: Bwana, nimedanganya kwa jina lako, na ukiniuliza tena kesho nitadanganya tena, nifanyie utakavyo. Amani haikuja. Aliota mlio wa tofali, na ndotoni bado alifurahi.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, Bonheur alikuja na ndoo ya plasta kuziba ukuta. Hakusalimu. Alikuwa anapaka kwa mwiko, mama yake anamenya ndizi, simu ya Elisée ilipoita. Donatille alikuwa na mikono michafu, akaibonyeza spika, sauti isikike kwa wote.

"Mama mkubwa, kaa chini. Umekaa? Zadock ameondoka. Na mke na watoto, na kila kitu, hakuna anayejua walikoelekea. Lakini kabla hajaondoka, alfajiri alinigongea mimi na mchungaji. Akatupeleka stoo, nyuma ya butike. Amevunja sakafu ya simenti kwa sururu, peke yake, amechimba mpaka kiunoni. Mama, ni mtu. Mkono mmoja hauna vidole. Akatuambia, mwambieni yule mama mume wake yuko hapa, nilirudi nikajenga stoo hii juu yake ili nimlinde, au ili nimfiche, sijui tena. Halafu akalia, akaondoka. Mchungaji amewasha mishumaa. Tunafanyaje?"

Donatille aliweka kisu mezani, akajifunika uso kwa kanga, na kilio kilichokaa ndani miaka yote ile kikatoka kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua.

Nyuma yake mwiko ulisimama ukutani.

"Alijuaje?" Bonheur akauliza. "Mama. Yule mtu alijuaje baba yuko wapi?"

Elisée kwenye simu naye alikuwa amefikia wazo hilo hilo.

"Ndiye," Bonheur akasema.

Donatille akashusha kanga. Safari hii hakuwa na la kuficha, na mtu alikwisha kwenda zake. "Ndiye."

"Nilikuwa mbele yako, ukamwapia Mungu."

"Niliapa."

"Ningekuwa nimemmaliza!"

"Ndiyo maana."

Bonheur aliinua mwiko. Plasta ilidondoka kwenye kiatu chake. Donatille hakusogea. Alijiambia, kama ni lazima huo mkono uangukie mtu, uniangukie mimi. Bonheur akautupa mwiko kwenye ndoo, akatoka bila koti. Kupitia dirishani Donatille alimwona anakaa ndani ya gari, kioo kinaanza kushika ukungu wa pumzi yake, anapiga usukani. Anapiga, anapumzika, anapiga. Halafu akalaza paji la uso juu yake, akatulia hivyo muda mrefu.

Aliporudi alikuwa na theluji kwenye nywele. Aliinama kwenye simu iliyokuwa bado mezani.

"Elisée, upo? Mwambie mchungaji azike kesho. Pale pale kwenye parseli yake. Weka matofali yake juu, yale ya macho ya bundi, tafuta mtaani kote, yang'oe ukutani kama ni lazima."

"Nitayatafuta, kaka."

Kisha akavuta kiti katikati ya jikoni, akakaa, akavua shati. Mtoto wa kiume, baba yake akizikwa, hunyolewa kichwa, na nywele hizo ndizo zinazofunga kilio na kuondoa matanga. Donatille alinawa mikono. Akachemsha maji, akatafuta wembe mpya kabatini, akampaka sabuni kichwani taratibu kama anavyowapaka wazee wa Apple Valley. Shingo ya mwanawe ilikuwa ngumu kama gogo.

"Ungesema ndiye, ningefurahi," Bonheur akasema, macho yake sakafuni.

"Najua. Hata mimi."

"Hata sasa namtaka. Nikimwona njiani, mama, hata leo."

"Najua," Donatille akasema, akaweka wembe kisogoni. "Inamisha kichwa."